Hadi Pikseli ya Mwisho: Historia Fupi ya Sharti Moja la Zabuni

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu, waliozoea kunikuta nikizungumzia katiba, bajeti na mashamba, huenda wakashangaa kuona leo natumia makala nzima kwa nukta za kioo cha kompyuta. Naomba subira. Kila mwaka ofisi zetu zinahamisha kitu kutoka kwenye jalada kwenda kwenye kioo: fomu, stakabadhi, hati ya ardhi, matokeo ya mtihani. Na katika hadidu za rejea za tovuti na mifumo nilizopata kuzisoma, limo sharti moja linalopendwa sana na waandaaji, kwamba kazi ifanane na mchoro ulioidhinishwa hadi pikseli ya mwisho. Sharti hilo husomwa kana kwamba ni jambo la ufundi tu. Historia yake, ambayo haijatimiza miaka 70, inaonyesha vingine. Ndani yake mna ugomvi wa kisiasa wa kawaida kabisa, nao ni huu: usahihi unapodaiwa, anayewajibishwa ni nani?

Mwaka 1957, mjini Washington, Russell Kirsch na wenzake katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani waliizungusha picha ndogo juu ya pipa, wakaimulika, na kuiacha mashine ipime nuru iliyorudi, hatua kwa hatua. Picha ilikuwa ya mtoto wa Kirsch mwenye umri wa miezi mitatu, na ukubwa wake ulikuwa sentimita 5 kwa 5. Ilipoingia ndani ya kompyuta iliyoitwa SEAC ilikuwa imegeuka safu 176 zenye miraba 176 kila moja, yaani miraba 30,976. Kila mraba uliruhusiwa jawabu moja tu, mweusi au mweupe. Hapakuwa na kijivu. Ili kupata vivuli vya shavu la mtoto, ilibidi picha ileile isomwe zaidi ya mara moja, kila mara wakibadili kiwango cha nuru kinachotenganisha weusi na weupe, kisha nakala hizo zikaunganishwa.

Tuhesabu maamuzi yaliyofanyika hapo. Idadi ya miraba iliamuliwa na udogo wa kumbukumbu ya mashine. Umbo la mraba liliamuliwa na urahisi wa kuhesabu. Mpaka kati ya cheusi na cheupe uliamuliwa na mkono wa binadamu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kilichotoka usoni mwa mtoto. Ajabu ni kwamba ofisi hiyo ndiyo iliyokuwa mlinzi wa vipimo vya taifa, kilo na mita zikiwa miongoni mwavyo, lakini mraba wa Kirsch haukupitia kikao chochote cha viwango. Ulikuwa uamuzi wa karakana, na dunia ikaufuata. Mwaka 2010, akiwa mzee aliyestaafu, Kirsch aliwaambia waandishi wa habari kwamba mraba ulikuwa chaguo la kipumbavu ambalo watu wamekuwa wakilipia tangu wakati huo, akachapisha makala ya kitaalamu iliyopendekeza pikseli zenye maumbo yanayobadilika kulingana na kilichomo pichani.

Makala hiyo ilihusu tofauti ambayo Kiswahili chetu huificha, kwa kuwa tunalo neno moja, usahihi, kwa mambo mawili. Tuchukue mizani ya dukani. Unaweka kilo moja ya sukari na mizani inasoma gramu 950. Unaondoa, unaweka tena, inasoma gramu 950. Mara ya kumi bado ni 950. Mizani hiyo haitetereki, na kwa maana moja ni sahihi mno. Lakini ni mwongo. Kutotetereka ni jambo moja na kusema kweli ni jambo jingine. Naomba msomaji aibebe mizani hii hadi mwisho wa makala, maana tutaihitaji.

Neno lenyewe pikseli, lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya chembe ya picha, lilionekana katika machapisho mwaka 1965, katika maandishi ya Fred Billingsley wa maabara ya JPL huko California kuhusu picha zilizotumwa na vyombo vya angani. Hapa hatuna sababu ya kukaa.

Kirsch alikuwa akiiingiza dunia ndani ya kompyuta. Jack Bresenham wa IBM, mwaka 1962, alikabiliwa na kazi ya upande wa pili, kuitoa michoro nje. Mashine yake ya kuchora iliweza kusogeza kalamu hatua moja tu kwa wakati mmoja, kulia, kushoto, juu, chini au kwa mshazari. Mstari ulionyooka, ule wa kwenye daftari la hesabu, hauwezi kuchorwa na mashine ya namna hiyo. Kinachowezekana ni ngazi inayofanana na mstari, na swali likawa ni wakati gani wa kupanda kidato.

Tuseme mstari unakwenda hatua 7 kulia na hatua 3 juu. Kanuni ya Bresenham, nikiieleza kwa lugha ya duka la mtaani, ni hii: kila unapokwenda hatua moja kulia, andika deni la 3, deni likizidi nusu ya 7, panda hatua moja juu na uondoe 7 kwenye deni. Baada ya hatua ya kwanza deni ni 3, halijazidi tatu na nusu, kalamu haipandi. Hatua ya pili deni ni 6, unapanda, linabaki -1, maana umelipa kupita kiasi kidogo. Hatua ya tatu ni 2. Ya nne ni 5, unapanda, linabaki -2. Ya tano ni 1. Ya sita ni 4, unapanda, linabaki -3. Ya saba ni 0. Umefika pale pale ulipotakiwa kufika, umepanda mara tatu, na daftari limefungwa bila deni. Katika programu halisi namba zote huzidishwa mara mbili ili ile nusu itoweke, na mashine ibaki na kujumlisha na kutoa namba kamili, jambo lililokuwa na thamani kubwa kwa kompyuta za enzi zile. Bresenham alilichapisha wazo hilo mwaka 1965, na bado linafundishwa vyuoni.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu naliona kuwa ni mfano wa uadilifu ambao wakaguzi wa hesabu za serikali wangeupenda. Kanuni hii haidai kwamba haina kosa. Inaliandika kosa, inalibeba kutoka hatua moja hadi nyingine, na inahakikisha kwamba hakuna nukta iliyokaa mbali na ukweli kuliko nusu ya hatua. Yeyote anayetaka kujua mchoro umekosea kwa kiasi gani anaweza kujua, popote kwenye mstari.

Ukamilifu wa aina nyingine ulizaliwa pale watu walipotaka kioo kifanane na karatasi. Kompyuta ya Alto, iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto mwaka 1973, ilikuwa na kioo kilichosimama wima mfano wa karatasi ya barua, nukta 606 kwa 808. Januari 1984 kampuni ya Apple ikatoa Macintosh, yenye nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe, nukta 72 katika kila inchi. Namba 72 haikuokotwa njiani. Wapiga chapa hupima herufi kwa pointi, na pointi moja ni takriban sehemu moja ya 72 ya inchi; printa ya kampuni hiyohiyo iliweza kuchapa nukta 72 au 144 kwa inchi. Kwa hiyo ulichokiona kiliweza kutoka kwenye karatasi kwa ukubwa uleule. Msanii Susan Kare alizichora alama za mashine hiyo kwa kujaza miraba ya karatasi ya grafu, 32 kwa 32, miraba 1,024 kwa kila alama, na kila mraba aliojaza ulikuwa nukta moja halisi kwenye kioo cha mnunuzi.

Hapo ndipo maneno hadi pikseli ya mwisho yalipokuwa na maana kamili, na sababu yake ni nyepesi. Mwenye kioo, mwenye programu na mwenye printa walikuwa kampuni moja. Ukamilifu ulikuwa tunda la umiliki.

Intaneti ilikuja na tabia tofauti kabisa. Kurasa alizozibuni Tim Berners-Lee huko CERN zilikusudiwa kusomwa na mashine yoyote, kubwa au ndogo, ya rangi au ya maandishi matupu. Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, aliyekuwa hapo hapo CERN, alipendekeza lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa hizo. Akishirikiana na Bert Bos, toleo la kwanza la lugha hiyo, CSS, lilipitishwa na shirika la W3C Desemba 1996. Wanasheria wasomao ukurasa huu wataipenda misingi yake. Mwonekano wa ukurasa hauamuliwi na mwandishi peke yake. Kivinjari kina mitindo yake, mwandishi ana yake, na msomaji naye ana haki ya kuleta yake, kwa mfano herufi kubwa kwa sababu ya macho dhaifu. Kisha kuna kanuni za kuamua nani ashinde pale wanapogongana. Katika toleo la mwaka 1996, mwandishi aliyesisitiza jambo alimshinda msomaji aliyesisitiza. Toleo la pili la mwaka 1998 likaigeuza hukumu hiyo, na tangu hapo msomaji anayesisitiza ndiye anayeshinda. Sijui katiba nyingi zilizorekebishwa upesi hivyo kwa faida ya mnyonge.

Lakini haki iliyoandikwa na haki inayotendeka si ndugu wa baba mmoja. Wabunifu wengi wa kurasa walitoka katika uchapaji wa magazeti na mabango, wakataka kioo kiwatii kama karatasi ilivyowatii. Mwaka 1996 mbunifu David Siegel alitoa kitabu kilichopata wasomaji wengi, kilichofundisha kusukuma maandishi kwa picha isiyoonekana yenye ukubwa wa pikseli moja, na kutumia majedwali yasiyo na mistari kama jukwaa la kupangia kila kitu mahali pake. Kurasa zikapendeza. Mtu asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea, akajikuta anasomewa seli za jedwali moja baada ya nyingine bila mpangilio wa maana. Mwaka uliofuata Siegel mwenyewe aliandika hadharani kwamba intaneti imeharibiwa, na mmoja wa waharibifu ni yeye.

Wakati huohuo vita vya vivinjari vilikuwa vimepamba moto, na hapa pana kisa cha pikseli 30 kinachostahili kukumbukwa. Tuseme umeandika kwamba sanduku la maandishi liwe na upana wa pikseli 200, liwe na nafasi ya pikseli 10 ndani kila upande, na mpaka wa pikseli 5 kila upande. Je, sanduku zima lina upana gani? W3C ilisema 200 ni za maandishi peke yake, kwa hiyo jumla ni 230. Internet Explorer 5 ya Windows ilisema 200 ni jumla, na maandishi yabanane katika 170. Sanduku lilelile, maagizo yaleyale, tofauti ya pikseli 30, na ukurasa uliopangika vizuri kwa mmoja ukavunjika kwa mwingine. Waandishi wa programu walitumia miaka kuandika hila za kuwadanganya wote wawili.

Kinachonifurahisha katika kisa hiki ni kwamba Microsoft ndiyo iliyokuwa na wazo bora. Mtu akinunua kabati la upana wa sentimita 80 hatarajii kuambiwa kwamba mbao za pembeni zinahesabiwa kando. Miaka baadaye CSS iliongezewa uwezo wa kuchagua hesabu hiyo, na leo watengenezaji wengi huichagua kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Hata hivyo, wazo bora linalotekelezwa na mwenye nguvu bila kumuuliza mtu bado ni uvunjaji wa kanuni, na gharama yake ililipwa na wengine.

Ukubwa wa gharama hiyo ulionekana mwaka 2005. Internet Explorer 6 ilikuwa imetoka mwaka 2001, ikashika karibu asilimia 90 ya soko, na toleo lililofuata lilikuja mwaka 2006. Kwa miaka mitano kurasa nyingi zilijengwa na kukaguliwa kwa kivinjari hicho kimoja. Mwishoni mwa Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliipiga New Orleans na pwani yake. Waathirika waliotaka kuomba msaada kupitia tovuti ya FEMA, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia majanga, walikuta kwamba fomu inahitaji Internet Explorer 6. Mtu aliyepoteza nyumba, akiazima kompyuta ya Macintosh ya jamaa au ya maktaba, alirudishwa kwenye simu, kujiunga na foleni ya maelfu. Naamini aliyeijenga fomu ile aliikagua kwa makini, na kwenye kioo chake kila kitu kilikaa mahali pake.

Mwaka huohuo ulishuhudia pia usahihi wa pikseli ukitumika kinyume chake. Aprili 2005 kundi la kujitolea lililoitwa Web Standards Project lilitangaza mtihani uitwao Acid2, ulioandikwa na Ian Hickson kwa kushirikiana na Lie. Jina linatokana na sonara anayejaribu dhahabu kwa tindikali. Ukifungua ukurasa wa mtihani kwa kivinjari kinachofuata kanuni, unaona uso wa manjano unaotabasamu. Kikikiuka, uso unasambaratika. Pembeni iliwekwa picha ya marejeo, na uso uliochorwa na kivinjari ulipaswa kulingana nayo pikseli kwa pikseli. Mwishoni mwa mwezi huohuo mhandisi wa Safari alitangaza kwamba toleo lake la ndani limefaulu. Mtihani wa tatu, wa Machi 2008, ulidai alama 100 kati ya 100 na picha isiyotofautiana na marejeo. Microsoft nayo, kwa kampuni iliyokuwa na soko zima mkononi, iliona haya ya kutosha kuufaulu mtihani wa pili katika Internet Explorer 8, iliyotolewa Machi 2009.

Linganisha madai hayo mawili, maana ndiyo kiini cha makala hii. Mbunifu anayedai ukurasa wake uonekane sawasawa kwenye kila kioo anamwajibisha msomaji: wewe ndiye ununue kioo kama changu, kivinjari kama changu, na macho kama yangu. Waandishi wa Acid2 walidai usahihi uleule, lakini waliowajibishwa walikuwa watengenezaji wa vivinjari, kwa kanuni iliyochapishwa, na kwa mtihani ambao mwanafunzi yeyote angeweza kuufungua na kujionea uso ukisambaratika. Ukali wa kipimo ulikuwa mmoja. Mwelekeo wa mjeledi ndio uliotofautiana.

Kilichoumaliza mjadala kwa upande wa wabunifu ni vifaa. John Allsopp wa Australia alikuwa ameandika tangu mwaka 2000 kwamba kutoweza kuutawala ukurasa ni asili ya intaneti, na kwamba mbunifu aache kulilia karatasi. Wachache walimsikia. Mwaka 2007 ikaja iPhone yenye pikseli 320 kwa 480, na Juni 2010 ikaja iPhone 4 yenye pikseli 640 kwa 960 katika kioo cha ukubwa uleule. Kama pikseli moja ya ukurasa ingebaki pikseli moja ya kioo, maandishi yote yangepungua kimo kwa nusu. Suluhisho likawa kwamba pikseli moja ya ukurasa ichorwe kwa nukta nne za kioo. Mwezi mmoja kabla ya simu hiyo, Ethan Marcotte alikuwa amechapisha pendekezo la kurasa zinazojipanga upya kulingana na upana wa kifaa, na huo ndio umekuwa utaratibu wa kawaida.

Kwa hiyo pikseli inayoandikwa leo katika CSS ni nini? Kanuni zinasema kwamba kipimo cha marejeo ni pembe: pikseli moja ya kioo chenye nukta 96 kwa inchi, ikitazamwa kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, ambao umewekwa kuwa inchi 28. Kwa umbali huo ni kama milimita 0.26. Wazee wetu waliopima nguo kwa shibiri, dhiraa na pima wangecheka. Baada ya safari ndefu ya hesabu, kipimo kinachodhaniwa kuwa cha mwisho kwa ukali kimerudi kwenye mkono wa mtu. Na anayedai kiolesura kilingane na mchoro hadi pikseli ya mwisho anapaswa kwanza kueleza ni pikseli ipi, ya kioo au ya mkono.

Nimewahi kushiriki katika kupokea mfumo wa taasisi moja ambayo sitaitaja. Timu ya ukaguzi iliweka picha ya mchoro ulioidhinishwa juu ya picha ya ukurasa uliokamilika, ikapima tofauti, ikaridhika. Hakuna aliyeufungua ukurasa ule kwa simu ya bei nafuu, ilhali wananchi wengi waliotarajiwa kuujaza walikuwa na simu ya namna hiyo tu. Kwenye simu, kitufe cha kuwasilisha fomu kilizama chini ya ukingo wa kioo. Kulikuwa na kasoro nyingine iliyoniuma zaidi. Mchoro ulikuwa umeandaliwa kwa Kiingereza na upana wa kila kitufe ukafungwa kwa pikseli. Neno la Kiingereza lenye herufi nne hugeuka kuwa "hifadhi", herufi saba. La herufi nane hugeuka kuwa "mipangilio", herufi kumi. Ulipofika wakati wa Kiswahili, maneno yalikatwa mikia. Taarifa ya mapokezi iliandika kwamba mfumo umekidhi vigezo, na kwa kweli ulikuwa umevikidhi.

Vigezo mbadala havihitaji kubuniwa. Mwongozo wa W3C kuhusu upatikanaji wa kurasa kwa watu wenye ulemavu, katika toleo la Desemba 2008, unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu chochote kupotea. Toleo la Juni 2018 linataka ukurasa usomeke kwa upana wa pikseli 320 bila msomaji kulazimika kuuburuta kushoto na kulia. Hayo ni masharti makali, yanapimika, na yanamwajibisha mjenzi. Mwandaaji wa zabuni anaweza kuyanakili leo hii.

Sasa turudi kwenye mizani. Julai na Agosti 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, aliitwa na kampuni iliyokuwa imeskani ramani ya jengo kwa mashine ya Xerox WorkCentre. Kwenye karatasi ya asili vyumba vitatu vilikuwa na eneo la mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Kwenye nakala vyote vitatu vilikuwa na 14.13. Waligundua kwa sababu chumba kilichoonekana kikubwa zaidi kwa macho kiliandikwa eneo sawa na kidogo. Kriesel alipojaribu jedwali la gharama, 65 iligeuka 85.

Mashine haikuwa imeharibika. Ili kupunguza ukubwa wa faili, ilitumia mbinu ya JBIG2, ambayo hukata ukurasa katika vipande vidogo, hukusanya vinavyofanana, huhifadhi kimoja tu, na kukigonga kama mhuri kila mahali vilipokuwa vingine. Kama 6 iliyochapwa hafifu inafanana na 8 kupita kiasi fulani kilichowekwa, inagongwa mhuri wa 8. Nakala mbovu ya zamani ilififia, na kufifia kwenyewe kulimwonya ofisa asiiamini. Nakala hii ilitoka safi, kingo zake zimenyooka, tarakimu zake hazina doa, na ilikuwa imeandika uongo. Xerox ilianza kwa kusema tatizo limo katika kiwango cha chini cha ubora, ambacho mwongozo ulikwisha kukitolea tahadhari. Kriesel akaonyesha kwamba linatokea hata katika viwango vingine. Kampuni ikakubali na kutoa marekebisho. Mwaka 2015 mamlaka za Ujerumani na Uswisi ziliikataa JBIG2 kwa nyaraka za kuhifadhiwa.

Kwa maofisa masjala wanaosoma hapa, na najua mpo, kisa hiki kina maswali ya kumuuliza mzabuni kabla ya kusaini. Faili zinabanwa kwa njia gani, na je, njia hiyo hubadilisha herufi moja kwa nyingine inayofanana nayo? Baada ya kuskani, nani atachukua sampuli ya kurasa zenye tarakimu na kuzilinganisha na asili, namba kwa namba, na taarifa yake itawekwa wapi? Je, programu inayoingia kesho na kubadili mipangilio itapitia ukaguzi huohuo? Na swali ambalo halina mbadala: karatasi za asili zitakaa wapi, na kwa muda gani, kabla mtu hajaruhusiwa kuziteketeza? Marekebisho ya mwaka 2013 yaliponya mashine. Jalada lililoskaniwa kabla yake, na asili yake ikachomwa, lilibaki na 85 yake.